Sauti ya DVD ya harusi haisikiki kwenye TV: kosa haliko kwenye santuri

*Shikamoo fundi. Nina duka la steshenari hapa Masasi, na pembeni napiga video za harusi na sherehe za kutoka kwa wali (vijana wanaotoka jandoni au unyagoni), kisha nawachomea wenye shughuli DVD. Nikisikiliza kazi yangu kwenye kompyuta, sauti ni nzuri kabisa. Ikifika kwa mteja, kwenye deki na TV, nasaha za wazee hazisikiki hata wakipandisha rimoti mpaka mwisho, halafu ukiingia wimbo nyumba nzima inashtuka. Mteja mmoja wa Nanyumbu amenirudishia santuri zote sita. Nimebadilisha aina ya santuri mara tatu, nimepunguza spidi ya kuchoma, wapi. Juzi nikaongeza sauti kwenye programu mpaka mwisho, sasa ngoma zinakwaruza. Nifanye nini? Na hizi nilizokwisha kuchoma zinarekebishika?*

Marahaba, mwanangu. Tuanze na kinachokula hela yako bure: acha kubadilisha santuri. Kwenye DVD sauti imeandikwa kwa namba. Namba zikisomeka, sauti inatoka kwa ukubwa uleule ulioupanga wewe. Zisiposomeka, picha inaganda, inakatika vipandevipande, au deki inazunguka tu bila kutoa kitu. Santuri mbovu haijui kunong'ona. Spidi ya kuchoma nayo ni hivyo hivyo. Kuchoma taratibu kunaweza kusaidia deki kuukuu isome bila kukwama, lakini hakuongezi sauti hata chembe.

Na hiyo "nzuri kabisa" ya kwenye kompyuta siiamini. Wengi wetu tunahariri tumevaa hedifoni, sikio limebanwa, na VLC, programu ya kuchezea video, imepandishwa kupita asilimia 100 tangu siku tulipoangalia filamu fulani yenye sauti ndogo, hatukuirudisha. Kwa hali hiyo hata mnong'ono unasikika. Irudishe VLC kwenye 100, vua hedifoni, kisha sikiliza tena ukiwa umekaa mbali kidogo na kompyuta. Nina hakika nusu ya lalamiko la mteja wako utalisikia hapohapo.

Kisha fanya jaribio moja kabla hujagusa programu yoyote. Nenda kwa jirani mwenye deki na TV za kawaida. Weka santuri orijino ya filamu yoyote, panga rimoti mpaka maongezi yasikike vizuri, kumbuka namba iliyoandikwa kwenye skrini. Toa santuri, weka yako, rimoti usiiguse. Kama hata ile orijino imebidi uipandishie rimoti karibu mpaka mwisho, ugonjwa uko kwenye deki au waya. Ikiwa yako peke yake ndiyo ndogo, ugonjwa ni wako. Na kuna jibu la tatu, ambalo nalishuku zaidi kwako kwa sababu umeandika kwamba nasaha "hazisikiki", hukuandika "zinasikika kwa mbali": muziki upo, vigelegele vipo, lakini mtu anayeongea kwenye maiki ametoweka. Hilo si suala la sauti ndogo kabisa, nami nitakaa nalo kwanza kwa sababu limewahi kunipotezea wiki nzima.

Maiki za ukumbini, zile za waya mnene wenye plagi ya pini tatu, hupeleka sauti moja kwenye waya mbili: waya mmoja unaibeba ilivyo, wa pili unaibeba imegeuzwa, kilima kimekuwa bonde. Mikisa, mashine ya kuchanganya sauti, ikipokea, inaigeuza ile ya pili na kuziunganisha, na njiani kelele za waya zinafutika. Sasa sisi mafundi wa mitaani tunanunua adapta ya bei poa, tunachomeka maiki hiyo moja kwa moja kwenye tundu dogo la kamera. Tundu lile ni la stereo. Kwa hiyo waya wa kwanza unaingia kushoto, wa pili, ule uliogeuzwa, unaingia kulia. Kwenye hedifoni utasikia sauti, ila itakuwa ya ajabu kidogo, kana kwamba mzee anaongea kutoka nyuma ya kisogo chako. Ukiipeleka kwenye TV yenye spika moja, au popote ambapo kushoto na kulia vinajumlishwa, kilima kinajaza bonde na kinachobaki ni kimya. Wimbo uliouongeza wewe kwenye programu hauna kasoro hiyo, ndiyo maana unaingia kwa kishindo. Mteja anapandisha rimoti akitafuta sauti ambayo imejifuta yenyewe, halafu wimbo unamkuta rimoti ikiwa juu kabisa. Nyumba lazima ishtuke.

Kulijua ni rahisi. Fungua faili ya kamera kwenye Audacity, programu ya kuhariri sauti, igawe stereo iwe njia mbili za mono (kila moja sauti yake), kisha uzicheze pamoja. Ikiwa maongezi yanapotea pamoja lakini kila njia peke yake inasikika, umeshampata mwizi. Dawa yake ni fupi: futa njia moja, inayobaki inakili iwe kushoto na kulia. Usijaribu kuongeza sauti, hakuna cha kuongeza. Dawa hiyohiyo inatibu kosa dogo la jamaa yake, pale maiki inapoingia upande mmoja tu. Wapo wateja wengi ambao deki zao zimeunganishwa na TV kwa waya wa njano na mweupe pekee, mwekundu unaning'inia au ulishakatika. Mweupe ni kushoto. Kama mzee wako amerekodiwa kulia, kwa mteja huyo hayupo.

Upande wa deki nao kuna mtego mmoja tu unaostahili kutajwa. Deki nyingi zenye matundu sita nyuma huja zimepangwa kutoa sauti ya spika sita, iitwayo 5.1, wakati mteja ameunganisha waya mbili tu za TV au sabufa. Kwenye mpango wa 5.1 maongezi hukaa kwenye spika ya katikati. Mteja hana spika ya katikati. Basi maongezi yanatoka kwenye tundu ambalo halina waya. Ingia kwenye menyu ya sauti ya deki, ipange kwenye stereo, tatizo limekwisha. Upande wako, hakikisha programu yako ya kutengeneza DVD haichomi 5.1. Baadhi zina alama ya tiki inayogeuza stereo kuwa 5.1, na kwa macho inaonekana kama umempa mteja kitu cha hali ya juu. Harusi ya Masasi iliyorekodiwa kwa maiki mbili haina njia sita za kujaza. Chagua stereo ya kawaida, ulale usingizi.

Sasa tuchukulie umekagua yote hayo na maongezi bado yapo, ila madogo. Hapa ndipo kwenye kazi yenyewe.

Sauti ya dijitali ina dari. Dari hilo linaitwa sifuri, na kila kitu kinahesabiwa kwenda chini yake: desibeli −6, −20, −40. Kinachojaribu kupita sifuri kinakatwa kichwa, na ule mkato ndio mkwaruzo unaousikia kwenye ngoma zako. Sasa chukua saa moja ya sherehe ya kutoka kwa wali. Somo, mlezi wa mwali, anaongea taratibu, yuko mita nne kutoka kwenye kamera. Sauti yake inacheza kwenye −30 hivi. Mara shangazi mmoja, yuko karibu na kamera kabisa, anapiga kigelegele. Sindano inaruka mpaka −0.5. Programu ukiiambia "nisawazishie", ile ya kusawazisha kwa kilele, inatafuta kilele kirefu kuliko vyote kwenye faili nzima, inakuta kigelegele cha shangazi, inaona imebaki nusu desibeli tu kufika dari, basi inaongeza nusu desibeli na kukuambia kazi imekwisha. Somo amebaki kwenye −30 yake. Kigelegele kimoja kimekula nafasi ya saa nzima.

Unaweza kuliona hilo kwa namba. Ukiwa na ffmpeg, programu ya bure inayoendeshwa kwa kuiandikia amri, andika:

`ffmpeg -i harusi.mp4 -af volumedetect -f null -`

Itakupa wastani wa sauti na kilele chake. Wastani ukiwa −30 na kilele −0.5, pengo ni kubwa mno kwa spika ya TV iliyo sebuleni kwenye feni, watoto na kuku nje. Lengo lako ni kulipunguza pengo hilo, ndipo upandishe. Wewe umepandisha kabla hujapunguza, ukazigonganisha ngoma na dari.

Nami nililifanya kosa hilo, tena baya kuliko lako. Ilikuwa harusi ya Newala, baba wa bibi harusi alitoa nasaha ndefu, sauti yake laini kama wazee wengi wa kule uwandani. Nikapandisha faili nzima kwa desibeli 12, nikachoma, nikafuta za kamera kwa sababu diski ilikuwa imejaa. Mzee alifariki mwaka uliofuata. Familia walikuja kuomba zile nasaha peke yake, na nilichokuwa nacho ni sauti inayokwaruza kila anapoinua neno. Sauti iliyokatwa kichwa hairudi. Programu zinazodai kuirudisha zinakisia tu umbo lililokuwepo. Tangu hapo faili za kamera nazitunza miezi sita, mteja alipe asilipe.

Utaratibu wangu wa sasa ni huu. Naitoa sauti kwenye video, naifungua Audacity, na kabla ya efekti yoyote napita kwa mkono. Nakata nasaha kama kipande chake, ngoma kipande chake, wimbo kipande chake. Vile vigelegele na makofi vilivyoruka karibu na maiki navishusha kimoja kimoja, desibeli 8 au 10. Kazi hii inachosha, wenzangu wengi wanaikwepa, lakini dakika ishirini za mkono zinashinda efekti yoyote. Usivifute vigelegele, lakini. Sherehe bila vigelegele mteja atadhani umempa msiba.

Halafu napitisha kichujio cha kukata sauti nzito zilizo chini ya hezi 80 hivi, kwenye vipande vya maongezi tu, ngoma nisiziguse. Sababu yake haionekani mpaka uambiwe. Ukirekodi Mikindani au popote palipo wazi kwa upepo wa bahari, upepo unaipiga maiki na kutoa mngurumo mzito sana. Spika ndogo ya TV haiwezi kuutoa mngurumo huo, kwa hiyo husikii kitu, lakini kwenye mita umejaa, unagombania nafasi na sauti ya mzee. Mita inasema imejaa, sikio linasema ni tupu, na wote wawili wanasema kweli. Ukikata mngurumo, ghafla unapata desibeli kadhaa za kupandisha bure.

Baada ya hapo kompresa, efekti inayobana sauti kubwa: uwiano wa 3 kwa 1, ianze kubana karibu na −24. Kisha nasawazisha, lakini kwa ukubwa unaosikika na sikio, ule unaopimwa kwa LUFS, si kwa kilele. Watangazaji wa Ulaya walikubaliana kwenye −23 LUFS mwaka 2010, na Audacity nayo hukuwekea −23 mwanzoni. Kwa DVD za nyumbani mimi hupanda kidogo, −18, kwa sababu spika za TV za wateja wetu ni dhaifu. Mwisho kabisa limita, izuie chochote kisipite −2. Limita iwe ya mwisho. Ukiiweka kabla ya kusawazisha, usawazishaji utavisukuma vilele tena.

Nyimbo zipime peke yake. Nyimbo za Bongo Fleva na singeli zinatoka studio zikiwa zimeshabanwa mpaka karibu na dari, hazina bonde. Ukiziweka ubavuni mwa nasaha kama zilivyo, lazima zipige kelele. Mimi nazishusha desibeli 8 mpaka 10, kisha nafumba macho nasikiliza pale nasaha inapoisha wimbo unaanza. Mkono ukitaka kwenda kwenye rimoti, bado.

Kuna jambo ambalo hakuna efekti itakayokuokoa nalo. Ukipandisha sauti ya mzee kwa desibeli 12, jenereta iliyo nyuma ya turubai nayo imepanda 12. Kamera nyingi zina kipandisha sauti cha zenyewe, kikikuta kimya kinavuta mpaka feni na jenereta, ngoma ikilia kinabana kila kitu ghafla. Kizime kama kamera yako inaruhusu. Na kwenye nasaha mpe mzee simu inayorekodi, iwe kwenye mfuko wa shati, hata simu ya kawaida tu. Utakuja kuioanisha na picha kwa kofi moja mlilolipiga mwanzoni. Ukichukua sauti kwenye mikisa ya di-jei, tumia tundu la kamera la laini (line). Kama lipo la maiki tu, weka kipunguza sauti katikati, maana sauti ya mikisa ni kubwa mno kwa tundu la maiki na inakatika kichwa palepale, kabla hata haijafika kwenye kadi.

Sasa kuchoma. DVD ya video inataka sauti ya hezi 48,000, yaani sauti iliyopimwa mara 48,000 kwa sekunde; za MP3 nyingi ni 44,100, hivyo iachie programu ibadilishe, na usiingize MP3 yenyewe kama njia ya sauti kwenye DVD ya video kwa sababu haimo kwenye utaratibu wake. Una chaguo mbili za maana. Ya kwanza ni PCM, sauti isiyobanwa, ambayo hula karibu megabaiti 690 kwa saa. Kwenye santuri ya gigabaiti 4.7 yenye shughuli ya saa mbili, inainyima picha. Ya pili ni AC-3 ya Dolby, sauti iliyobanwa, ambayo kwa kilobiti 192 kwa sekunde hula megabaiti 86 tu kwa saa. Mimi natumia AC-3, lakini ina kitu kimoja kinachofichwa kwenye kona ya menyu: namba ya maongezi, utaiona imeandikwa dialnorm. Namba hiyo inaiambia deki maongezi yako yana ukubwa gani, nayo deki inashusha kila kitu ili yafike −31. Programu nyingi zinaiweka −27 bila kukuuliza, na hapo deki inakushushia desibeli 4 za bure. Iweke −31, haitashusha chochote. Karibu na hapo kuna mpangilio wa kubana sauti wenye majina ya filamu. Uzime. Umeshabana mwenyewe, ukiuacha utasikia sauti inavimba na kunywea kama mtu anayehema.

Zile santuri sita za Nanyumbu. Santuri ya kuandika mara moja hairekebishwi, lakini kilichomo kinatoka. Kama faili za kamera unazo, anza na hizo. Kama huna, nakili faili za VOB, zile zinazobeba picha na sauti, kutoka kwenye santuri. Zimekatwa vipande visivyozidi gigabaiti moja, kwa hiyo ziunganishe na ubadilishe sauti peke yake, picha usiiguse isije ikachakaa:

`ffmpeg -i "concat:VTS_01_1.VOB|VTS_01_2.VOB" -c:v copy -af "acompressor=threshold=-24dB:ratio=3,loudnorm=I=-18:TP=-2" -c:a ac3 -b:a 192k -ar 48000 -f dvd mpya.mpg`

ffmpeg yenyewe huweka namba ya maongezi −31, hapo huna la kuhangaika. Kama tatizo lilikuwa ile maiki iliyogeuzwa, ongeza `pan=stereo|c0=c0|c1=c0` na koma kabla ya neno acompressor; maana yake chukua kushoto, kiweke pande zote mbili. Ujue kwamba hata wimbo utakuwa mono, lakini mteja aliyenyimwa nasaha za baba yake hatalalamikia hilo. Faili mpya ipeleke DVDStyler, programu ya kutengeneza DVD, na uikague isikubadilishie tena sauti uliyokwisha kuipanga.

Usichome sita kwa pamoja. Nunua DVD-RW moja, ile inayofutika, ndiyo iwe ya majaribio. Inavumilia kufutwa mara nyingi sana. Ichome, panda nayo gari mpaka Nanyumbu, uiweke kwenye deki ya mteja mwenyewe, rimoti iwe pale anapoangalizia taarifa ya habari. Akikubali, rudi uchome sita zake. Angalia na nyuma ya TV ukiwa hapo, kama waya mwekundu umechomekwa.